Mtaka cha Mvunguni

Usiku mmoja wa Januari, katika fleti ya ghorofa ya sita huko Plaistow, mashariki mwa London, mzee wa miaka 76 aliteleza akitoka msalani, akaanguka baina ya kitanda na ukuta. Hakuvunjika mahali. Alilala kimya kwa muda, akajipapasa nyonga, kisha akaomba mkono. Mkewe, ambaye Wazanzibari wa mtaa ule humwita Bi Mkubwa, alishuka kitandani, akampitishia mikono kwapani, akavuta. Mzee hakusogea. Akavuta tena. Mara ya tatu magoti yake mwenyewe yalimwacha mkono, akajikuta ameketi sakafuni kando ya mumewe, na hapo ndipo alipotambua jambo lililomtisha kuliko anguko lenyewe: sasa wako wawili chini, na hakuna hata mmoja wao awezaye kusimama.

Simu aliifikia kwa kuvuta waya wa chaja. Mtoto wao wa kiume aliendesha gari kutoka Luton, na kwa saa nzima na zaidi wazee wale walingoja, blanketi limetandazwa juu ya miguu ya mzee na kanga mbili mabegani mwake. Baba yake mzee alikuwa hamali katika bandari ya Unguja, na mwana wa hamali hakosi neno la mizigo. "Niache, mwenzangu," alisema. "Mzigo huu ni wa watu wanne." Alicheka peke yake. Bi Mkubwa aliujua mzigo unaochukuliwa na watu wanne.

Kulipokucha, mwana alikwisha kuwainua wote wawili na kuwapikia chai, na hakuna aliyelizungumza tena jambo lile. Anguko la kwanza katika nyumba nyingi hugeuzwa siri, kama deni. Lakini Bi Mkubwa, aliyekuwa ametimiza miaka 70, alianza kuhesabu vitu alivyokwisha kuviacha bila kuaga. Kwa miaka miwili alikuwa akisali juu ya kiti. Dini imemruhusu, wala hapana aibu kwa mwenye udhuru. Ila alipojiuliza udhuru wake ulianza lini, alikumbuka goti moja lililouma kwa wiki moja, akakaa kitini, na wiki ile haikwisha. Mbuzi wake wa kukunia nazi, aliyemleta kutoka Unguja akiwa amemfunga ndani ya doti la kanga, alikuwa mvunguni mwa kitanda akikusanya vumbi, kwa sababu kumkalia mbuzi ni rahisi na kumwondokea ni kazi. Tui lilikuwa la kopo.

Lililokuwa zito zaidi kuliko yote ni la msikitini. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa miongoni mwa wanawake wanaoitwa akifariki mwanamke, ili kumwosha na kumkafini. Maiti ni mzito. Hugeuzwa ubavu huu na ubavu huu, huinuliwa kidogo mgongo, na yote hayo hufanywa kwa upole, kana kwamba aliyelala anaweza kuumia. Nguvu isiyotosha haiwezi kuwa na upole. Hukurupuka na kuvuta. Bi Mkubwa alipoona mikono yake imeanza kukurupuka, alitoa udhuru wa mgongo, kisha udhuru wa safari, na mwishowe hawakumwita tena. Waswahili husema mwosha huoshwa. Yeye aliyekwisha kuacha kuosha alikuwa akiliogopa neno hilo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watoto hufundishwa methali hii kama somo la unyenyekevu: atakaye kitu akubali taabu, akubali kujishusha. Shuleni huandikiwa insha. Bi Mkubwa aliyekuwa na cha mvunguni cha kweli, chenye meno ya chuma na miguu ya mbao, aliisikia upya methali ile kwa maana yake ya kwanza, ambayo ni ya mwili. Akaona pia kwamba imenyamaza juu ya jambo moja, pengine kwa kuwa walioitunga hawakuona haja ya kulitaja. Aliyeinama sharti ainuke.

Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyekuja kumtazama mzee alimwomba na mkewe afanye jaribio dogo. Kiti cha kawaida kisicho na mikono, mikono yako ikunjwe kifuani, kisha usimame na kuketi mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Jaribio hili hutumiwa katika nchi nyingi, na Vituo vya Kudhibiti Magonjwa vya Marekani vimeweka kipimo chake: kwa mwanamke wa miaka 70 hadi 74, chini ya mara 10 huhesabiwa kuwa pungufu na dalili ya hatari ya kuanguka. Bi Mkubwa alisimama mara tano. Mara ya sita alijirusha mbele, akashika meza.

Upungufu huo una jina, nalo ni geni. Mwaka 1989 mtafiti wa Kimarekani Irwin Rosenberg alilifanyia kazi neno la Kiyunani, akaita hali hiyo sakopenia, yaani ufukara wa nyama ya mwili. Baada ya miaka 30 hivi, msuli hupungua kwa takriban asilimia 3 hadi 8 katika kila muongo, na baada ya miaka 60 mwendo huongezeka. Hakuna siku mtu aamkayo na kusema leo nimefilisika. Bandu bandu huisha gogo, na gogo halijui kwamba linabanduliwa.

Alipoambiwa kwamba dawa yake ni kunyanyua vitu vizito, Bi Mkubwa alikasirika kidogo. Nani ananyanyua zaidi yake? Alizaliwa Ng'ambo ya mji wa Unguja, akachota maji bombani kwa debe, na debe likijaa lina kilo 18 na ushei. Aliwaeleka watoto watatu. Hapa London alisafisha ofisi za City kwa miaka 24: basi la usiku saa tisa na nusu, ndoo, mashine ya kufyonza vumbi, ngazi, magunia ya taka, kisha nyumbani kupika kabla watoto hawajaenda shule. Kama kazi ingejenga mwili, yeye angekuwa mnara.

Swali lake ni swali la haki, na jibu lake limo katika tofauti ya kazi na zoezi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambao miongoni mwa waandishi wake alikuwemo Profesa G. M. O. Maloiy wa Nairobi. Waliwapima wanawake wa Kijaluo wajitwikao kichwani na wa Kikuyu wabebao kwa mkanda wa paji la uso, wakagundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya ile wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Ni ustadi wa ajabu, na kila aliyepita njia ya kisimani anaujua kwa macho. Lakini ustadi huo ni wa kuokoa nguvu. Mfanyakazi mwenye busara hutafuta njia ya kumaliza siku akiwa na kitu kilichobaki, kwa kuwa kesho kuna kazi nyingine. Mzigo haumuulizi leo ameamkaje, wala haupungui akiugua, wala haungoji apumzike. Zoezi hufanya kinyume chake. Hutumia nguvu kwa makusudi na kwa kipimo, kisha huacha, ili mwili upate siku mbili za kujenga palipotikiswa. Neno lenyewe limetoka katika kuzoea: ni kuuzoeza mwili jambo ambalo bado haujalizoea, na ukilizoea, kuliongeza.

Mzee alilipenda jibu hili, kwa sababu lilimrudisha kwa baba yake. Agosti 1948, katika ukumbi wa Empress Hall, Earls Court, London, wanaume wa mataifa mengi walinyanyua vyuma kwa ajili ya medali za Olimpiki. Mwezi huohuo, katika bandari ya Unguja iliyokuwa chini ya Waingereza, wanaume walionyanyua mizigo kwa ajili ya riziki waliitua chini na kugoma, na mgomo wao ukaenea mjini. Adam Shafi aliwaandikia watu hao riwaya, Kuli, iliyotoka mwaka 1979. Chuma cha Earls Court na gunia la bandarini vyote vina uzito. Aliyenyanyua chuma aliamua mwenyewe ni kilo ngapi na mara ngapi, akapigiwa makofi alipokiachia. Hamali akiachia aliitwa mvivu. Baba yake mzee alikufa mgongo umepinda, akiwa na mikono yenye nguvu ya kufungua nazi na magoti yasiyoweza kumpandisha kitandani.

Na mzee mwenyewe alikuwa na lake. Aliendesha basi la London kwa miaka 21. Mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji huu, na matokeo yake yamenukuliwa tangu siku hiyo popote panapojadiliwa mazoezi: madereva waliokaa kutwa walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za basi lilelile. Watu wa tabaka moja, wa basi moja, wametenganishwa na ngazi. Morris aliishi hadi miaka 99. Mzee, ambaye kiti cha dereva kilimpa nyumba na kumsomeshea watoto, alisema tu kwamba hakuna aliyemwambia apande juu kukusanya nauli.

Hivyo Bi Mkubwa akaenda. Ukumbi wa mazoezi wa halmashauri una saa za wanawake peke yao, asubuhi ya Jumanne na Alhamisi, na mwalimu ni binti wa Kibengali aliyezaliwa Forest Gate, ambaye humwita kila mwanamke mzima anti, kama ilivyo desturi ya Newham. Siku ya kwanza Bi Mkubwa alisimama mlangoni kwa dakika kumi na baibui lake na mkoba wake. Alichokiona ndani kilimkumbusha mambo ya vijana wa baraza: vioo ukutani, na mtu akijitazama.

Aibu hiyo imo hata katika lugha. Kutunisha misuli ni kutishia watu. Msuli wenyewe ni nyama ya mkono na pia ni kitambaa ambacho mwanamume hujifunga kiunoni, kana kwamba Kiswahili kiliona vyote viwili kuwa vya kiume na vya kuonyeshwa barazani. Historia ya London nayo haikusaidia sana. Septemba 14, 1901, Eugen Sandow, aliyekuwa na chuo cha kujenga mwili katika mtaa wa St James's, aliandaa mashindano makubwa katika Royal Albert Hall, na miongoni mwa waamuzi akawemo Arthur Conan Doyle, mwandishi wa Sherlock Holmes. Walichohukumu ni umbo, jinsi mwili unavyoonekana. Wanawake walingoja hadi Sydney, mwaka 2000, kuruhusiwa kunyanyua vyuma katika Olimpiki.

Lakini mambo hubadilika, na mengine yamebadilikia karibu na Plaistow. Mwaka 2011 shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilikubali mavazi ya kufunika mwili, baada ya ombi la Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistani. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya London, Khadija Mohammed wa Umoja wa Falme za Kiarabu, msichana wa miaka 17, alipanda jukwaani kichwa chake kimefunikwa na kunyanyua chuma mbele ya dunia. Jukwaa lile lilikuwa ExCeL, kando ya gati la Royal Victoria, ambako zamani meli zilipakuliwa na makuli wa Kiingereza hadi magati yale yalipofungwa mwaka 1981. Kutoka nyumbani kwa Bi Mkubwa ni mwendo mfupi wa basi. Mahali pa hamali pamekuwa mahali pa mwanamichezo, na kati ya wawili hao hakuna aliyewahi kumuuliza mwanamke wa miaka 70 yeye atanyanyua nini.

Binti wa Forest Gate aliuliza. Hakutaka kujua uzito wake wala kiuno chake. "Anti, kitu gani ulikuwa unakifanya na sasa hukifanyi?" Bi Mkubwa akamtajia kiti cha sala na mbuzi wa nazi. La kuosha maiti hakulitaja siku ile.

Somo la kwanza likawa kiti. Mto mmoja uliwekwa juu ya kiti ili kiwe kirefu, akasimama na kuketi mara nane, akapumzika, akarudia. Baada ya wiki tatu mto uliondolewa. Baadaye kiti kilibadilishwa kwa benchi fupi, na benchi kwa kigoda, kikishuka kidogo kidogo kama jua la alasiri, hata ikafika siku ambayo alichuchumaa bila kitu chochote nyuma yake. Aliporudi nyumbani alimweleza mzee kwamba Wazungu hulipa ada ya kila mwezi ili wafundishwe kuchuchumaa. Mzee alitaka kujua kama wanarudishiwa fedha wasipofaulu.

La pili lilikuwa kuinua kitu kutoka chini. Walianza na chuma cha kilo 4 chenye mkono juu, mfano wa birika lisilo na mdomo. Alifundishwa kurudisha nyonga nyuma, kama afungaye mlango wa gari kwa makalio mikono ikiwa imejaa vikapu. Mgongo unyooke, mzigo ukae karibu na miguu, kisha ausukume mbali sakafu. La tatu, kusukuma: mikono ukutani, kisha ukingoni mwa meza. La nne, kuvuta kamba ya mashine kuelekea kifuani, kama avutaye ndoo kisimani. La tano, kutembea na chuma kila mkono, hatua ishirini kwenda na ishirini kurudi, mabega yasilegee. Hayo matano humtosha mtu wa kawaida kwa miaka. Mengine mengi yanayoonekana ukumbini ni mapambo ya hayo.

Katika zoezi hilo la tano Bi Mkubwa aligundua utajiri aliokuwa nao bila kuujua. Mwalimu alikuwa na neno moja tu la kubeba, akilirudia kwa kila kitu. Kiswahili hakimchukulii mtu mzigo bila kuuliza uko wapi mwilini. Cha kichwani hutwikwa, na aliyetwikwa hutuliwa. Mtoto wa mgongoni huelekwa, na nguo yake ni mbeleko. Wa mapajani hupakatwa. Cha kiunoni hufutikwa, cha kiganjani hufumbatwa, cha begani hubebwa. Lugha iliyotenganisha haya yote ni lugha ya watu walioijua miili yao kiungo kwa kiungo. Aliyezaliwa ndani yake haendi ukumbini kama mgeni. Amepotelewa na matumizi tu, na maneno yamebaki yakimngoja.

Kipimo cha kuongeza ni rahisi kueleza. Chagua uzito unaoweza kuuinua mara 8 vizuri, mara mbili za mwisho ziwe ngumu lakini zisiharibike. Ukifika mara 12 bila taabu katika siku mbili zinazofuatana, ongeza kilo moja au mbili, urudi mara 8. Fanya mafungu mawili au matatu. Fanya siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Ndicho kiwango cha chini ambacho maofisa wakuu wa tiba wa Uingereza walikitaja katika mwongozo wao wa mwaka 2019, kwa vijana na kwa wazee vilevile, na wazee wakaongezewa mazoezi ya kutoyumba. Andika. Bi Mkubwa aliandika katika daftari la mjukuu, kwa hati ya chuoni, tarehe upande mmoja na kilo upande wa pili, na daftari lile ndilo lililomfundisha maana ya haba na haba kuliko kibaba chochote alichowahi kukijaza.

Yako mengine aliyojifunza kwa kukosea. Alizuia pumzi wakati wa kuinua, akapata kizunguzungu. Akaambiwa atoe pumzi anapoinua, hasa kwa kuwa ana shinikizo la damu, na daktari wake akaarifiwa kabla uzito haujaongezwa. Alijifunza kutofautisha uchovu wa nyama, ambao huja kesho yake na kuondoka, na maumivu makali ya kiungo, ambayo ni amri ya kusimama. Alikuwa mtu wa chai na mkate asubuhi, chai na andazi jioni. Akaelezwa kwamba nyama ya mwili haijengwi kwa chai. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, kwa asiye na maradhi ya figo, na kiasi hicho hupatikana kwa mayai, samaki, maharage na mtindi wa Queen's Market, bila kopo lolote la unga lenye picha ya mtu mwenye hasira. Ramadhani alipunguza uzito wa vyuma, akahamishia mazoezi nyumbani baada ya kufuturu, na hakujilaumu. Kwa wiki sita za kifua cha baridi hakufanya lolote, akarudi nyuma kilo kadhaa. Daftari likaonyesha kwamba kurudi nyuma si kurudi mwanzo.

Je, miaka 70 si kuchelewa? Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walitoa habari za wakazi kumi wa nyumba ya wazee huko Boston, dhaifu, wenye wastani wa miaka 90. Waliwafundisha kunyanyua uzito kwa miguu, uzito wa kweli na wenye kuongezwa, kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kabla ya hapo watu wengi, madaktari wakiwemo, walidhani nyama ya mzee ni kama udongo uliokwisha kuokwa. Wale tisa walionyesha kwamba bado ni mbichi.

Baada ya mwaka mmoja Bi Mkubwa alikuwa akiinua kilo 40 kutoka sakafuni, madebe mawili na zaidi. Kwa sekunde 30 alisimama kitini mara 13. Aliyavuta haya kwa furaha ya kitoto, akamwonyesha mzee daftari. Kisha mzee akaanguka tena.

Safari hii ilikuwa jikoni, asubuhi. Bi Mkubwa alimwendea, na kitu cha kwanza alichokifanya kingewashangaza wadhanio kwamba nguvu ni kuvuta: hakumvuta. Alikwisha kufundishwa kwamba mtu mmoja hapaswi kumnyanyua mtu mzima aliyelala, kwa kuwa ndivyo migongo miwili inavyovunjika badala ya mmoja. Alipiga magoti. Aliketi naye kwanza, akamuuliza panapouma, akangoja pumzi zake zitulie. Kisha akainuka, akaleta kiti, akapiga magoti tena. Akamsaidia kujigeuza ubavu, kisha kusimamia mikono na magoti kama mtoto anayetambaa, kisha kuweka viganja juu ya kiti, mguu mmoja mbele, na kusukuma. Mzee aliinuka mwenyewe. Mkono wa mkewe ulikuwa nyongani mwake tu, ukimwonyesha upande wa juu uko wapi.

Kilo 40 za daftari hazikumnyanyua mzee hata kilo moja. Zilimpa mkewe uwezo wa kwenda chini alikokuwa mwenziwe na kurudi, mara mbili, bila hofu. Na mtu asiyeogopa sakafu ndiye pekee awezaye kumtuliza aliye juu yake. Kwa mtu wa kawaida, faida ya nguvu haionekani kiooni. Mtoto anapozaliwa huhitaji mtu awezaye kuinama, na mgonjwa humhitaji, na maiti humhitaji. Mengi yanayowapata watu huwapata chini.

Mzee alifariki Novemba iliyofuata, kwa moyo. Walioshika jeneza walikuwa wanne, wawili wakiwa wajukuu, na Bi Mkubwa aliyetazama kutoka dirishani alikumbuka mzaha wa usiku ule, akaucheka kwa mara ya kwanza, peke yake, kwa niaba ya wote wawili.

Mwezi wa Februari simu ya msikiti iliita. Mwanamke wa Kipemba amefariki, jamaa zake wako mbali, na waliopatikana ni wawili tu, mmoja wao msichana ambaye hajawahi kuosha. Bi Mkubwa alifika na kanga zake. Chumba kilikuwa baridi, maji yalikuwa vuguvugu, na udi ulikuwa umekwisha kuwashwa. Alisimama upande wa mabega, ambako ndiko kuzito. Walipomgeuza marehemu ubavu wa kushoto ili kuosha wa kulia, hakuna aliyekurupuka. Uzito ulikuja mikononi mwake pole pole, akaupokea, akaushikilia kwa muda wote ambao maji yalihitaji. Msichana alikuwa akitetemeka. Mikono yake ilichoka mapema, akaomba radhi kwa sauti ya chini.

Walipokwisha kukafini na kunawa, msichana alimwamkia tena Bi Mkubwa kama anayeanza upya, akamuuliza inachukua miaka mingapi kuizoea kazi hii. Bi Mkubwa alimtazama mabega.

"Jumanne saa nne asubuhi," alimwambia. "Njoo na viatu vya chini."